Nikakuta Lori Limeondoka

Kasenga iko ukingoni mwa mto Luapula, upande wa Kongo, kilomita mia mbili hivi kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Ng'ambo ni Zambia. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, na tangu hapo koo zimegawanywa na maji: mtoto wa upande huu anasomeshwa kwa Kifaransa, binamu yake wa ng'ambo anasomeshwa kwa Kiingereza. Nyumbani wengi husema Kibemba au lugha zilizo jirani nacho, na anayepeleka samaki Lubumbashi hujikuta anauza kwa Kiswahili. Sasa wape wote wawili jambo moja dogo la kusimulia. Mchuuzi alifika gatini saa mbili asubuhi. Lori la kwenda Lubumbashi liliondoka saa moja. Wa Zambia ataandika kwamba lori "had left". Wa Kongo ataandika kwamba lori "était parti". Waambie walisimulie hilo hilo kwa Kiswahili, uone shule zao zitawafikisha wapi.

Jibu la vitabuni lipo tayari: lori "lilikuwa limeondoka". Kitenzi "kuwa" katika wakati uliopita, kisha kitenzi kikuu chenye -me-. Kwenye jedwali la njeo linakaa mkabala na lile la Kiingereza kama vile yamepimwa kwa futi moja. Si kosa, sentensi ni ya Kiswahili na inaeleweka. Ila humkuti mchuuzi akiisema. Yeye atakwambia: "Nilifika nikakuta lori limeondoka." Au, kama ni mtu wa pwani: "Nikakuta keshaondoka," akimaanisha dereva. Tofauti kati ya jedwali na mchuuzi ndiyo mada ya uchambuzi huu, kwa sababu kazi ambayo Kiingereza kimeirundika juu ya neno moja, "had", Kiswahili kimeigawa kwa viungo vingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hakiifanyi kwa njeo hata kidogo.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Hans Reichenbach, mwanafalsafa Mjerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler na hatimaye akafundisha Los Angeles, alitoa mwaka 1947 kitabu cha mantiki chenye kurasa chache kuhusu njeo ambazo wanaisimu hawajaacha kuzirejea. Alisema njeo haihitaji nukta mbili tu, ya kusema na ya tukio. Inahitaji na ya tatu: mahali msemaji anaposimama akilini mwake ili kulitazama tukio. Katika "the lorry had left", kusema ni sasa, kuondoka ni saa moja, lakini jicho limesimama saa mbili, mchuuzi alipofika na kuona vumbi. Nukta hiyo ya tatu ndiyo sababu ya "had" kuwapo. Isipokuwapo, "left" inatosha.

Na kweli mara nyingi inatosha. Mwingereza akisema lori liliondoka kabla mchuuzi hajafika, neno "before" limeshamaliza ubishi juu ya kilichotangulia, na wengi hawajisumbui na "had". Mwanafunzi wa Luapula au wa Dar es Salaam aliyeambiwa kwamba tukio la kwanza huchukua "had" na la pili halichukui, huijaza insha yake "had" mpaka msomaji ashindwe kujua hadithi yenyewe iko wapi na usuli wake uko wapi. Kanuni aliyopewa ni ya mpangilio wa matukio. Kanuni halisi ni ya jicho.

Juu ya hayo, Kiingereza kimeibebesha "had" mizigo mingine isiyohusu utangulizi. Maneno ya mtu yakinukuliwa kwa kuripotiwa, "has left" hugeuka "had left" kwa sababu tu kitenzi cha kusema kiko katika wakati uliopita. Jambo ambalo halikutokea kabisa nalo husemwa kwa umbo hilo hilo: "had I known". Hata adabu inaingia humo, mtu anaposema "I had hoped" ili ombi lake lisisikike kama amri. Mwenye kujifunza akipewa jibu moja la Kiswahili kwa hayo yote atalitumia lisipotakiwa, na ndivyo inavyotokea.

Rudi kwa mchuuzi wetu. "Nilifika nikakuta lori limeondoka." Katika sentensi hii hakuna "lilikuwa", na hakuna aliyepotea. Kiambishi -me- hakisemi kwamba jambo limetokea karibuni kuhesabu kutoka sasa. Kinasema jambo limekamilika na hali yake ingalipo. Ipo wakati gani? Wakati ambao kitenzi kilichotangulia kimeuweka. "Nilifika" imesimamisha saa ukutani, na "limeondoka" inaisoma saa hiyo hiyo. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya mwaka 1944 ilisomwa na vizazi vya wageni na hata vya wenyeji, alilieleza -me- kwa njia inayofanana na hii: kukamilika kwa tendo na hali inayobaki, kuliko wakati. Ukishalikubali hilo, huoni tena haja ya Kiswahili kuwa na njeo maalumu ya wakati uliopita kabla ya uliopita. Jicho la Reichenbach linawekwa na kitenzi kingine.

Na kitenzi kinachopendwa kwa kazi hiyo ni "kukuta". Sikiliza masimulizi yoyote, ya msibani, ya kituo cha polisi, ya safari: tulikuta wameshazika, nilimkuta amelala, walikuta mlango umevunjwa. Baada ya "kukuta" huja "kuona", "kusikia", "kujua": tukasikia amefariki, nikaona mto umejaa. Kiingereza kikizitafsiri hizi kitadai "had" au "was" karibu kila mara. Kiswahili kinamweka mtu mlangoni, kisha kinakuonyesha alichokiona. Msimulizi mzuri hajali sana kitu gani kilitangulia kingine katika kalenda. Anajali nani alikigundua na lini.

Lubumbashi wana njia yao, nayo si Kiswahili kilichoharibika, ingawa watu wa pwani huwahi kusema hivyo. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kama Elisabethville, kwa ajili ya shaba ya kampuni ya Union Minière, na lugha yake ya kazi ilikua midomoni mwa Waluba, Wabemba, Wasanga, watu wa Kasai na wengine waliokuja kutoka Rodesia ya Kaskazini. Wanaisimu wameichunguza kwa bidii kuliko lahaja nyingi: Edgar Polomé miaka ya 1960, Walter Schicho aliyeandika sintaksia yake nzima mwaka 1982, kisha Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa waliotoa sarufi yao mwaka 2014. Katika Kiswahili hicho -me- imesinyaa na -na- imechukua sehemu kubwa ya kazi yake, hata "anafika" inaweza kumaanisha kwamba mtu ameshawasili. Kwa ukamilifu wenyewe watu husema "kuisha" pamoja na kitenzi kisicho na njeo. Mama wa samaki aliyechelewa atasema: "Nilifika, nilikuta motokari inaisha kuenda." Pwani wangesema "imeshakwenda" au, kwa mtindo wa wazee, "imekwisha kwenda". Mzizi ni mmoja, wa kumaliza. Umbo limebadilika, mpango wa sentensi haukubadilika: "kukuta" inaweka saa, na cha pili kinatangaza kwamba jambo limekwisha.

Lubumbashi hiyo hiyo ina "alikuwaka", ambayo mgeni wa Kiingereza huipapatikia akidhani hatimaye ameipata "had" yake. Siyo. Kiishio -aka ni cha mazoea, cha jambo lililokuwa likifanyika siku nenda siku rudi. Tusiilazimishe.

Kibemba, lugha ya nyumbani ya wengi pale Luapula, kinaongeza chumvi. Kinapanga wakati uliopita kwa ngazi: yaliyotokea sasa hivi, ya leo, ya jana au karibu na jana, na ya zamani, kila moja na umbo lake. Ungetegemea msemaji aliyezoea ngazi hizo aidake "had" bila taabu. Lakini ngazi za Kibemba zinapima umbali kutoka sasa, siyo kutoka tukio jingine. Kwa hiyo mtoto wa Luapula anaifikia "had" akiwa na hisia kali ya umbali, na huitumia kwa mambo ya kale hata pasipo jicho lolote lililosimama katikati: babu "had built" nyumba hii, kwa sababu ni zamani. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu bila kujua kosa limetoka wapi atalisahihisha mpaka mwisho wa muhula.

Basi ile "alikuwa ame-" ya jedwali ina nyumba wapi? Inayo, na ni nzuri. Hapa historia ya Katanga, eneo la Lubumbashi na Kasenga, inatusaidia kuliko mfano wa kutunga. Mwishoni mwa karne ya 19 Msiri, aliyekuja na Wayeke kutoka Unyamwezi, alikuwa akiutawala ufalme wa Garenganze kutoka Bunkeya, na wazungu walimiminika kwake. Ukisimulia kwa mpangilio hutahitaji umbo hilo hata mara moja. Mmisionari Frederick Arnot alifika mwaka 1886, akakaa. Alfred Sharpe akaja Novemba 1890 kwa niaba ya Waingereza, akatoka mikono mitupu. Le Marinel akaja Aprili 1891, Delcommune akafuata Oktoba, na tarehe 14 Desemba akaingia William Stairs na msafara wake uliotoka Bagamoyo. Siku sita baadaye Msiri akapigwa risasi. Kiambishi -ka- kinavuta habari kama uzi wa nyavu, fundo baada ya fundo, na hakuna fundo linaloomba ruhusa ya njeo nyingine.

Sasa anza na Stairs. Stairs alipoingia Bunkeya, Le Marinel na Delcommune walikuwa wameshapita hapo mwaka huo huo, Sharpe alikuwa amekataliwa, na Arnot alikuwa amekwisha kuondoka zamani. Mpangilio umegeuzwa. Msimulizi anasimama Desemba 1891 na kugeuza shingo nyuma, mara tatu mfululizo, pasipo mtu wa "kukuta" anayetuonyesha. Hapo -ka- haiwezi kazi, na -me- peke yake ingening'inia. "Walikuwa wame-" ndiyo inayoshika. Ndiyo maana umbo hili hupatikana kwa wingi katika vitabu vya historia na wasifu, na kwa uchache katika maongezi: mwandishi hupenda kuanzia katikati, msemaji huanzia mwanzo.

Nyumba yake nyingine ni "kufikia". Kasenga ya enzi ya ukoloni ilikuwa bandari ya samaki. Wafanyabiashara Wagiriki walijijenga hapo, wakisafirisha samaki waliowekwa barafu kwenda kulisha mji wa migodi. Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa mpumbu, ambaye hupanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na akivuliwa wakati huo huvuliwa pamoja na kizazi chake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpumbu walikuwa wameadimika. Ukisema "mpumbu waliadimika" umetaja tukio. Ukisema "walikuwa wameadimika" umesimama kwenye tarehe na kupiga hesabu ya yaliyokwisha kuharibika. Sioni namna nyingine ya kulisema hilo kwa Kiswahili kwa ufupi huo.

Lakini umbo hili lina mtego, na mtego uko katika vitenzi vya mwili na hali. "Alikuwa amevaa kitenge" haisemi kwamba alivaa kabla ya jambo fulani. Inasema kitenge kilikuwa mwilini. "Alikuwa amesimama ukingoni", "alikuwa amebeba ndoo", "samaki walikuwa wameoza": zote ni picha, si utangulizi. Mwanafunzi anayezipeleka Kiingereza kwa jedwali ataandika kwamba mama "had worn" kitenge na "had stood" ukingoni, na msomaji wa London atajiuliza mama alikivua lini na alikwenda wapi. Kiingereza kinataka "was wearing", "was standing". Ukitaka utangulizi hasa kwa vitenzi hivi, Kiswahili kinakudai -sha-: "alikuwa ameshavaa" maana yake maandalizi yamekwisha, tuondoke. Silabi moja inahamisha sentensi kutoka kwenye picha kwenda kwenye saa. Nadhani ni jambo ambalo lingefundishwa siku ya kwanza, na aghalabu halifundishwi.

Kuna na kivuli kingine ndani ya "alikuwa ame-", ambacho wanahabari hawana budi kukichunga. "Amekwenda Kolwezi": yuko huko. "Alikuwa amekwenda Kolwezi": karibu kila msikilizaji ataelewa kwamba amesharudi, au kwamba jambo lingine lilitokea likaivunja safari. Umbo hili hufunga mlango wa hali iliyokuwapo. Sasa sikiliza taarifa ya habari iliyotafsiriwa mbiombio kutoka Kifaransa au Kiingereza: waziri "alisema kwamba serikali ilikuwa imeamua" kuifunga barabara. Katika lugha ya asili palikuwa na "avait décidé" au "had decided", na hapo wakati umerudishwa nyuma kwa desturi ya kuripoti tu. Kwa Kiswahili desturi hiyo haipo. Mtu alisema "tumeamua"; nawe unaripoti "alisema wameamua". Alisema "nitakuja"; unaripoti "alisema atakuja". Kitenzi kinabaki na njeo aliyokuwa nayo mwenye maneno. Ukiandika "ilikuwa imeamua", dereva aliyeko njiani kuelekea Kasenga ana haki ya kudhani uamuzi umetenguliwa, apakie samaki wake, aende. Kosa kama hili halionekani, kwa sababu kila neno katika sentensi ni la Kiswahili safi.

Kwa "kabla" sihitaji maneno mengi, ingawa ndipo Kiswahili kinapomshangaza Mwingereza zaidi. "Kabla hajafika, lori liliondoka." Kitenzi kimekanushwa, kwa -ja-, kwa sababu wakati ule kufika kulikuwa bado. Kiingereza na Kifaransa huweka kitenzi bila kukikanusha. Kiswahili kinaona ni uongo kusema amefika wakati hajafika. Upande wa pili wa "kabla" kuna "-po-" na "kwisha": walipokwisha kula, waliondoka. Waandishi wa zamani wa pwani na watafsiri wa maandiko waliipenda sana "alipokwisha", na bado haina mpinzani pale mtu anapotaka kusema jambo la kwanza lilimalizika kabisa ndipo la pili likaanza.

Linabaki lile la majuto. Kiingereza kinasema "had I known". Kifaransa "si j'avais su". Lugha zote mbili zimeazima umbo la wakati wa mbali kusemea kitu ambacho hakikuwa katika wakati wowote. Kiswahili hakikuhitaji kuazima. Kina -ngali-: ningalijua nisingalivuka. Sarufi zinasema -nge- ni ya yale yanayoweza kuwa na -ngali- ni ya yaliyokwisha kupita bila kuwa, na mtihani utakuadhibu ukizichanganya. Barabarani watu huzichanganya kila siku, wanasema "ningejua nisingevuka" kwa jambo la mwaka jana, au wanaziunganisha kabisa wapate "ningelijua", na anayesikiliza huelewa kutokana na habari yenyewe. Mimi nashikilia kuzitenga katika maandishi, kwa sababu -ngali- hufunga mlango pale -nge- inapouacha wazi kidogo; katika mazungumzo siwezi kumlaumu mtu. Majuto ni mjukuu, yanaeleweka kwa sarufi yoyote. Lakini kuyatafsiri kwa "kama nilikuwa nimejua", kama wafanyavyo baadhi ya watafsiri wa filamu, ni kumrudisha msomaji kwenye jedwali.

Ugumu mkubwa zaidi ninaoujua wa jambo hili uko katika maandishi ya Lubumbashi yenyewe. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu, alikusanya historia ya Elisabethville katika kijitabu kilichopigwa taipu, kikaitwa "vocabulaire" ya mji. Kiliandikwa kama kilivyosemwa, alama za uandishi zikiwa haba. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokitafsiri kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango wa Lubumbashi, ambaye alikisoma kwa sauti ili sentensi zipate kujitenga. Fikiria kazi iliyowakabili kwenye kila kitenzi. Msimulizi wa aina hiyo huziweka habari bega kwa bega: huyu alifika, yule alikufa, kampuni ilianza. Je, yule alikufa baada ya huyu kufika, au alikuwa ameshakufa? Kiswahili cha mzee kinaweza kuliacha wazi, sauti na mapumziko vikimalizia, pamoja na yale ambayo wasikilizaji wa mji huo waliyajua. Kiingereza hakikubali liachwe wazi. Lazima uandike "died" au "had died", na ukishaandika umeamua jambo ambalo msimulizi hakuliamua. Kwa hiyo anayetafsiri kutoka Lubumbashi hawezi kulitegemea jedwali wala masikio pekee. Inabidi aende kuuliza nani alikufa lini, na wakati mwingine aliyeweza kumjibu keshaondoka.